Nadharia tete isiyopimika: dalili, sababu na namna ya kuitengeneza

Mradi wa sayansi unapokwama wiki mbili kabla ya maonyesho, mwanafunzi hulaumu mbegu, kipimajoto au umeme uliokatika. Ukifungua daftari lake, mara nyingi chanzo unakikuta ukurasa wa kwanza, kwenye sentensi moja iliyoandikwa haraka chini ya kichwa cha nadharia tete, yaani jibu unalolitarajia kabla ya kulijaribu. Sentensi hiyo ndiyo inayoamua upime nini, ulinganishe nini na usimame lini. Ikiwa na kasoro, kila kinachofuata kinairithi.

Kabla ya kusoma dalili hapa chini, fanya ukaguzi huu mmoja. Chini ya nadharia tete yako andika: "Nitakubali kwamba nimekosea nikiona ..." kisha malizia. Ulichomalizia kiwe ni kitu ambacho mtu mwingine, asiyekujua na asiyekupendelea, angeweza kukiona au kukisoma kwenye kifaa. Ukishindwa kumalizia, usipande mbegu wala usiwashe jiko. Tafuta dalili yako, kisha anza na sababu ya kwanza chini yake, maana ndiyo inayotokea zaidi.

Dalili: sentensi inasomeka vizuri, lakini hujui upime nini

Mifano yake tunaikuta kila muhula. "Samadi huifanya mimea ikue vizuri." "Mkaa husafisha maji." "Maji ya moto huganda haraka kuliko ya baridi."

*Sababu ya kwanza: neno la sifa limekaa mahali pa kipimo.* Zungushia duara kila neno kama vizuri, bora, safi, imara, haraka, nyingi. Kila duara ni deni. Lilipe kwa kutaja kitu, kizio na wakati: "urefu wa shina kwa sentimita siku ya 14 baada ya kupanda", "idadi ya majani yaliyofunguka", "dakika hadi kitambaa kikauke".

Hata ukishaandika "urefu wa shina" kazi haijaisha, na hapa ningependa uende polepole. Chukua mche wa maharage kwenye kikombe cha plastiki. Shina linaanzia wapi? Ukipima kutoka usawa wa udongo, udongo unadidimia kila unapomwagilia, na mche "unarefuka" milimita kadhaa bila kukua hata kidogo. Linaishia wapi? Ukipima hadi ncha ya jani la juu, majani ya maharage hulala usiku na kuinuka mchana, kwa hiyo kipimo cha asubuhi na cha jioni havilingani. Chomeka njiti ya kiberiti kando ya shina siku mche unapochomoza, uweke alama ya wino usawa wa udongo wa siku hiyo, kisha pima kutoka kwenye alama hadi kichipukizi cha juu kabisa, saa ileile kila siku. Shina likipinda, lifuate kwa uzi halafu upime uzi kwenye rula. Maelezo haya yaingie kwenye daftari kabla ya kipimo cha kwanza. Ukiyaandika baadaye, utajikuta unachagua njia inayokupa jibu unalolitaka, na pengine hata hutajua kwamba umechagua.

*Sababu ya pili: kitenzi kimoja kinabeba matukio zaidi ya moja.* Hii ni ngumu kuiona, na kisa chake bora kabisa ni cha hapahapa kwetu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, kisha wanayaweka kwenye friza. Nafasi ndani ya friza ilikuwa inaisha, Mpemba akaweka yake yangali moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda, na ya mwenzake aliyeweka maziwa bila kuyachemsha yalikuwa bado uji mzito.

Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali Denis Osborne, mwanafizikia aliyekuja kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam. Tazama alivyolijenga: vyombo viwili vinavyofanana, ujazo uleule wa maji, kimoja nyuzijoto 35 na kingine nyuzijoto 100, vyote ndani ya friza moja, kwa nini kile cha 100 kinatangulia kuganda? Swali hilo lilikuwa limeshataja vyombo, ujazo na joto la mwanzo. Osborne alirudi Dar es Salaam akaagiza lijaribiwe maabara, na mwaka 1969 matokeo yakachapishwa kwa majina yao wawili katika jarida la Physics Education. Ninawaomba wanafunzi walisome swali lile kama wanavyosoma kanuni, kwa sababu kijana wa sekondari aliuliza jambo ambalo maabara ingeweza kulijibu bila kumrudia kumwuliza alikuwa na maana gani.

Lakini neno moja lilibaki na mlango wazi: kuganda. Je, ni maji kufika nyuzijoto 0? Ni chembe ya kwanza ya barafu kuonekana? Au ni chombo kizima kuwa jiwe? Haya ni matukio matatu, kwa sababu maji tulivu yanaweza kushuka chini ya nyuzijoto 0 yakiwa bado kimiminika. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, watafiti wa Uingereza, walipima muda wa kufika nyuzijoto 0 na hawakupata ushahidi kwamba maji ya moto hutangulia. Walionyesha pia kwamba kusogeza kipimajoto sentimita 1 tu juu au chini ndani ya maji kunatosha kutengeneza tofauti isiyokuwepo. Ubishi huo haujaisha, na sehemu kubwa yake inatokana na watu kupima matukio tofauti chini ya jina moja.

Basi ukiona kuganda, kuota, kuoza, kuyeyuka, kukauka au kupona kwenye sentensi yako, jiulize: ni kwa ishara gani nitasema sasa limetokea? Kwa mbegu, kwa mfano: "imeota" ni pale mzizi unapotokeza milimita 2 nje ya ganda. Ukichagua urefu mwingine si kosa, ilimradi uwe umechagua na umeandika.

*Sababu ya tatu, si ya mara nyingi: kifaa hakioni tofauti unayoitafuta.* Rula ya milimita haitatenganisha mashina yaliyopishana nusu milimita, na mizani ya dukani haitaona gramu moja ya kutu. Ongeza muda au ongeza tofauti kati ya makundi. Vikishindikana vyote viwili, badilisha unachopima.

Dalili: matokeo yoyote yakija, nadharia tete inabaki kweli

Mwanafunzi huiona dalili hii kama uhodari. Jaji huiona ndani ya dakika moja.

*Sababu inayoongoza* ni maneno ya kujihami: huenda, yaweza, baadhi ya, wakati mwingine, kwa kiasi fulani. "Majani ya mwarobaini huenda yakapunguza baadhi ya wadudu." Wadudu wakipungua, umesema. Wasipopungua, ulisema huenda. Yafute maneno hayo yote. Unyenyekevu wa mwanasayansi unakaa kwenye hitimisho, ambako unasema una uhakika kiasi gani. Kwenye nadharia tete unatakiwa kuthubutu.

*Inayofuata* ni kitenzi kisicho na upande: "Mwanga utaathiri ukuaji wa mchicha." Utaongeza au utapunguza? Andika upande. Na kama unaweza, andika kiasi kidogo kabisa ambacho utakikubali kuwa ni tofauti.

*Ya tatu* ni sentensi iliyo kweli kwa maana ya maneno yake, kama "mimea isiyopata maji itakosa unyevu". Hiyo ni maana iliyozungushwa, na hakuna jaribio linaloweza kuiangusha.

*Ya mwisho* ni jambo lisilo na alama yoyote inayoonekana, au jambo la imani. Hapo usilazimishe. Mtu ana haki ya imani yake, na maabara haina kifaa cha kuipima. Tafuta swali jingine linalogusa kitu chenye alama.

Usidanganywe na umbo "ikiwa ... basi ...". Ni umbo zuri nami nalifundisha, lakini "ikiwa nitatumia mbolea, basi mimea itakuwa bora" ina umbo lote na haina kipimo chochote.

Dalili: tofauti ipo, ila huwezi kusema imesababishwa na nini

Tuchukue majivu na fukusi wa mahindi, mradi unaorudi kila mwaka na unaostahili kurudi, kwa sababu mahindi yanayoliwa ghalani ni chakula cha watu. Nadharia tete: "Majivu hulinda mahindi dhidi ya fukusi." Mwanafunzi anaweka mahindi yenye majivu kwenye kopo lenye kifuniko, na yasiyo na majivu kwenye mfuko wa sandarusi. Baada ya miezi miwili mfuko umeliwa. Kilicholinda ni majivu au kopo?

Kwanza angalia kama umebadilisha vitu viwili kwa mpigo. Chora mistari miwili katikati ya ukurasa upate safu tatu: ninachobadilisha, ninachopima, ninavyoviacha sawa. Safu ya kwanza iwe na kitu kimoja tu. Ikiwa na viwili, sentensi yako ni mbili, zitenganishe. Safu ya tatu iwe ndefu: aina ya mahindi, ukavu wake, idadi ya punje, aina ya chombo, mahali kilipowekwa, idadi ya fukusi hai walioingizwa mwanzoni.

Pili, angalia kama kundi linganishi lipo. Wanafunzi wengi huandaa makundi matatu ya majivu, kijiko 1, 2 na 3, wakasahau lile lisilo na majivu kabisa.

Tatu, na hapa pana utamu wake, angalia kama kundi linganishi linatosha. Yawezekana majivu yanafanya kazi kwa kemia yake, yawezekana pia ni kwa sababu ni vumbi linalojaza nafasi kati ya punje na kukwaruza ngozi ya mdudu. Ukiwa na "majivu" na "bila majivu" tu huwezi kutenganisha hayo mawili. Ongeza kopo la tatu lenye vumbi laini la mchanga uliochekechwa, ujazo uleule na wa majivu. Vumbi likifanya kazi sawa na majivu, wazo la kemia limetikisika. Kwa kopo moja la ziada mradi wa kidato cha pili unakuwa hoja ya kweli.

Mdudu naye atajwe. Fukusi na dumuzi si mdudu mmoja, hawashambulii kwa nguvu sawa, na kilichomshinda mmoja si lazima kimshinde mwenzake. Kama huna uhakika uliyenaye ni yupi, afisa ugani wa kata yako ndiye wa kumwonyesha. Mpelekee wadudu kwenye chupa iliyofungwa vizuri.

Dalili: ndani ya kundi moja namba zinarukaruka

Mara nyingi vielelezo ni vichache. Kwenye kundi la mbegu 5, mbegu moja iliyooza ni asilimia 20 ya matokeo yako. Kwenye kundi la mbegu 50 ni asilimia 2. Ongeza idadi kabla ya kufikiria kitu kingine.

Kisha tazama mahali. Kundi la dirishani linapata jua, kundi la ukutani halipati. Changanya vikombe vya makundi yote na uvizungushe kila siku. Mwisho tazama mikono: wapimaji wawili wanaosoma rula kwa namna mbili. Pimeni kikombe kimoja wote wawili bila kutazamana, mkalinganishe.

Ikiwa baada ya hayo wastani wa makundi mawili bado unakaribiana na namba zinaingiliana, usiamue kwa kukazia macho grafu. Mpelekee mwalimu wa hisabati jedwali zima, si wastani peke yake.

Dalili: "kwa sababu" haina kazi

Chukua mbegu za mlonge na maji ya tope. "Unga wa mbegu za mlonge utang'arisha maji kwa sababu mlonge ni mti wenye manufaa." Maneno baada ya "kwa sababu" ni sifa. Ukiyaondoa, jaribio halibadiliki hata chembe, na hiyo ndiyo namna ya kuigundua kasoro hii.

Sababu yenye kazi ni hii: ndani ya mbegu za mlonge kuna protini zenye chaji chanya; chembe za udongo majini zina chaji hasi; zikikutana zinashikamana, zinakuwa mabonge mazito, zinazama. Sasa sababu inakuzalia matarajio mapya. Unga ukizidi sana kuliko udongo uliopo, hauna cha kushika, na wenyewe unabaki kuyachafua maji. Kwa hiyo sentensi "kadiri unga unavyoongezeka ndivyo maji yanavyong'aa" itaanguka mahali fulani, na pale inapoangukia ndipo penye mradi mzuri. Iandike upya: "Ung'avu utaongezeka hadi kiwango fulani cha unga, kisha utashuka." Sentensi hiyo inajiweka hatarini mara mbili, na ndiyo maana ina thamani.

Ung'avu unapimwa hivi bila mashine: chora alama ya X kwa wino mweusi kwenye karatasi, weka juu yake chupa ndefu angavu yenye kitako bapa, mimina maji taratibu huku ukitazama kutoka juu, simama X inapotoweka, kisha pima kina cha maji kwa sentimita. Kina kikubwa maana yake ni maji angavu zaidi. Mtazamaji awe yuleyule na mwanga uleule, na ikiwezekana asijue chupa ipi imetiwa nini.

Onyo: maji yaliyong'aa si lazima yawe salama. Vijidudu havionekani kwa X wala kwa macho. Usiyanywe, usimwonjeshe mwenzako, na usiandike neno "salama" kwenye bango lako.

Dalili: jaribio limeikataa nadharia tete

Hapa hakuna ubovu. Naiweka kwa sababu ndiyo inayowaliza wanafunzi wengi kuliko zote, na ndiyo inayowashawishi kufuta sentensi ya mwanzo na kuandika nyingine inayolingana na matokeo. Hilo usilifanye. Nadharia tete iliyoandikwa baada ya matokeo haijajaribiwa na chochote.

Kagua kwanza vitu vya kawaida: kipimajoto kinasoma karibu na 0 ndani ya barafu inayoyeyuka? Lebo za vikombe hazikubadilishana? Rudia mara moja kwa utaratibu uleule. Jibu likirudi vilevile, liandike lilivyo: nilitarajia hivi, nimeona hivi, kwa hiyo naachana na wazo hili. Ukipata wazo jipya kutokana na ulichokiona, lipe tarehe mpya, ukurasa mpya na jaribio jipya.

Walimu walezi, nawaomba: sainini ukurasa wa nadharia tete pamoja na tarehe kabla jaribio halijaanza. Saini hiyo inamlinda mtoto siku ambayo jaji atamwuliza kama alijua jibu mapema.

Dalili: nadharia tete inapimika, ila si kwa mikono yako

"Kukata miti kunapunguza mvua mkoani kwetu." Inapimika, kwa miongo ya takwimu na eneo kubwa. Punguza: je, udongo ulio chini ya kivuli cha mti unabaki na unyevu zaidi kuliko ule wa juani, siku tatu baada ya kumwagilia kiasi sawa? Pima gramu 100 za udongo kila upande, zikaushe, pima tena. Unaweza kuanza leo.

Simama hapa, mwite mwenye ujuzi

Zipo nadharia tete zilizoandikwa sawasawa ambazo hutakiwi kuzijaribu peke yako.

Inayohusu miili ya watu: kuwanywesha dawa za mitishamba, kupima damu, kuwanyima usingizi, kuwaacha waumwe na mbu ili kujua moshi upi unafukuza. Simama. Utafiti wa afya unaohusu watu unahitaji kibali cha kamati ya maadili. Nchini Tanzania taasisi inayosimamia hilo ni NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), na Kenya vibali vya utafiti hutolewa na NACOSTI (Tume ya Taifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu). Anza kwa mwalimu mlezi, na usimguse mtu yeyote kabla hajakujibu.

Inayohusu kuotesha bakteria kutoka chooni, mikononi au jeraha: ikishaota, sahani isifunguliwe tena. Kama shule haina fundi maabara anayejua kuiua kwa joto na shinikizo kabla ya kuitupa, badilisha mradi. Hamira inafundisha mengi yaleyale bila hatari.

Inayohusu asidi kali, viuatilifu au gesi inayowaka: fundi maabara awepo chumbani muda wote. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kidogokidogo, kamwe si maji kwenye asidi. Biogesi isikusanywe ndani ya chumba kilichofungwa.

Inayohusu umeme wa ukutani: tumia betri za tochi. Ikiwa sentensi yako haiwezi kujaribiwa kwa betri, mwonyeshe fundi umeme mwenye leseni mchoro wako kabla hujanunua waya.